Kisufuria cha presi: shajara ya kufuata mwendo wa alumini, Kamukunji

Hii ni shajara ya kazi tunayoifanya kibandani Kamukunji, Nairobi, upande wa Barabara ya Landhies: kutengeneza kisufuria cha alumini kwa mkandamizo mmoja wa presi ya jeki, badala ya kukigonga kwa nyundo. Mzee mwenye kibanda alianza kugonga sufuria kabla sijazaliwa. Mimi ni fundi mitambo. Jumatatu hadi Ijumaa nina kazi nyingine, Jumamosi niko hapa, na usiku niko kwenye laptopu nikijaribu kuona alumini itakavyokwenda kabla presi haijashuka. Naandika ili atakayefuata asiyalipie tena makosa niliyokwisha kuyalipia. Bei zote ni shilingi nilizotoa mwenyewe, na nitaongeza sehemu kila hatua inapokamilika.

11 Januari 2025: vifaa, na maduara sita ya kwanza

Mama mmoja anayeuza vyombo Gikomba anataka visufuria 200 vya kuchemshia maziwa ya mtoto, vyote saizi moja: upana wa ndani milimita 100, kimo milimita 50 baada ya ukingo kukatwa. Mzee anaweza kuvigonga, ila kwa nyundo kila kimoja hutoka na umbo lake, na Mama anataka kila kimoja kitoshee kwenye karatasi ya kufungia bila kubagua.

Presi ina sehemu tatu, na nitazitaja kwa majina tunayotumia hapa. Panchi ni chuma cha juu kinachosukuma. Ringi ni chuma cha chini chenye tundu. Kibanio ni bamba linalolala juu ya alumini ili isikunjamane inapovutwa kuingia tunduni. Panchi ni milimita 100, tundu la ringi 102.7, mdomo wa ringi umeviringwa kwa nusu kipenyo cha milimita 8. Pembe ya panchi tuliiacha na milimita 3 tu, kwa kuwa Mzee alitaka kitako chenye pembe kali kama za dukani.

Shiti ni ya milimita 1.2, futi 8 kwa 4, shilingi 7,800. Duara la kuanzia linapatikana kwa hesabu ya eneo: kipeuo cha pili cha d² + 4dh, d ikiwa upana na h kimo pamoja na nyongeza ya ukingo utakaokatwa, ninapata milimita 180. Shiti moja inatoa maduara 78, yaani kila duara ni shilingi mia. Uwiano wa 180 kwa 100 ni 1.8. Alumini laini huanza kukataa mkandamizo mmoja uwiano ukikaribia 2, kwa hiyo hatuna nafasi kubwa ya kukosea.

Kukereza ringi na panchi ni 6,500. Geji ya presha kwenye jeki ni 3,200, na nasisitiza usiiruke: pistoni ya jeki yetu ina kipenyo cha milimita 50, hivyo ukisoma bar unajua mara moja ni kani kiasi gani inayosukuma. Kanuni ya vitabuni (π × d × unene × mkazo wa juu × (D/d − 0.7), D ikiwa upana wa duara la kuanzia) ilinipa kilonyutoni 32, kama bar 165.

Tulibana kibanio kwa bolti nne mpaka spana ikakataa, tukapaka mafuta ya injini juu na chini, tukapiga jeki. Maduara sita, yote yakapasuka, mengi kwenye bar 150 hivi. Ukuta haujapanda hata sentimita mbili, kitako kinakatika kuzunguka pembe ya panchi na kubaki mkononi kama kisahani.

25 Januari: modeli ya kwanza na jedwali lililokosewa

Mzee alisema pembe ni kali. Mimi nilishuku bolti. Badala ya kurudi kwa mkerezaji kwa kubahatisha, nikajenga modeli kwenye CalculiX, programu huria iliyoandikwa Ujerumani na Guido Dhondt na Klaus Wittig. Haidai malipo ya leseni. Kwa kuwa chombo ni cha mviringo, unachora nusu ya mkato wake tu, kutoka katikati hadi ukingoni, na programu inauzungusha yenyewe. Alumini niliigawanya matabaka matano ndani ya ule unene wa 1.2, na panchi, ringi na kibanio nikavifanya vyuma visivyobonyea.

Programu inahitaji kujua alumini inakuwa ngumu kiasi gani kadiri inavyovutwa. Vipande vitatu vilivutwa kwenye maabara, 4,500 kwa jumla, nikapewa jedwali la mkazo (kani iliyogawanywa kwa eneo) na mrefuko (kipande kimerefuka kwa sehemu gani ya urefu wake). Mkazo wa juu ulikuwa megapaskali 78. Nikaliingiza jedwali lilivyo.

Kosa hilo lilinila siku kumi. Kila usiku modeli ilikwama panchi ikishafika milimita 9, alumini imejichimba kwenye pete moja nyembamba huku kwingine kote haijasogea. Nikadhani tatizo ni mgusano wa vyuma. Nikabadilisha ugumu wa mgusano, nikaongeza vipande vya wavu (vile vipande vidogo ambavyo alumini imegawanywa kwenye modeli), nikapunguza hatua, na kila mara ikakwama palepale.

Shida ilikuwa kwenye jedwali. Mashine ya maabara inagawanya kani kwa eneo la kipande kabla hakijavutwa, ingawa kipande kinazidi kukonda. CalculiX inataka mkazo halisi, wa eneo lililopo wakati huo, na mrefuko wa logi. Isitoshe, jedwali linapoishia programu inachukulia kwamba alumini haiongezi ugumu tena. Yangu iliishia kwenye 78, kwa hiyo sehemu yoyote iliyotangulia kukonda kidogo haikuwa na cha kuizuia, ikaendelea kukonda peke yake. Dawa: zidisha kila mkazo kwa (1 + e), e ikiwa mrefuko wa jedwali, badili kila mrefuko kuwa ln(1 + e), kisha endeleza mstari kwa kanuni ya K × εⁿ, ε ikiwa mrefuko huo wa logi, hadi mrefuko wa 1. Kwa vipande vyetu K ni 131 na n ni 0.20. Kwenye mrefuko wa 0.5 alumini inastahili kuwa na megapaskali 114, nami nilikuwa nimeiachia 78.

Baada ya hapo modeli ilikwenda mpaka mwisho bila kusita.

Ile n ina faida nyingine. Ukuta ulio karibu na pembe ya panchi hauwezi kupungua mzunguko, kwa kuwa panchi imeujaza kwa ndani. Unavutika kwenda juu na kulipia kwa unene peke yake. Kwa hali hiyo alumini huanza kujinyonga mrefuko unapofikia n yenyewe. Unene wa 1.2 ukipungua kwa mrefuko wa 0.20 unabaki milimita 0.98. Ndiyo mstari wangu mwekundu: modeli ikionyesha chini ya 0.98 kwenye pembe, duara hilo nalihesabu limepasuka.

Pembe ya milimita 3 ilitoa 0.86. Ya 5 ilitoa 0.96. Ya 8 ilitoa 1.04. Nilimwonyesha Mzee picha, akaitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, basi weka hiyo nane. Hata kijiko kitafika pembeni, maziwa hayatagandia." Mkerezaji alichukua 1,200.

8 Februari: shiti ya dukani si ile ya maabara

Panchi mpya, maduara manne. Matatu yakapasuka. Modeli ilikuwa imesema hayatapasuka, na safari hii jedwali lilikuwa sahihi.

Mzee alichukua ukanda wa masalio ya shiti mpya, akaukunja kwa vidole na kuuachia. Ukarudi nusu. Akaenda pembeni akaokota ukanda wa alumini ya zamani, akaukunja, ukakaa ulivyokunjwa. "Hii mpya ina kiburi," akasema.

Vile vipande nilivyopeleka maabara vilikatwa kwenye ile ya zamani, laini. Shiti niliyonunua mimi ilikuwa nusu ngumu, yaani ilipitishwa kwenye roli ikiwa baridi na haikurudishwa motoni. Ni alumini ileile lakini uwezo wake wa kuvutika umekwisha kutumiwa kiwandani. Kabla ya kulipa, uliza kama shiti ni laini au nusu ngumu, na ukunje kona yake palepale dukani.

Tulilainisha wenyewe. Paka sabuni ya mche upande mmoja wa duara, liweke juu ya jiko la makaa sabuni ikitazama juu, ulizungushe kwa koleo. Sabuni inakuwa ya manjano, kisha kahawia, kisha nyeusi. Ikishakuwa nyeusi kote alumini imepita nyuzi 350 hivi, na hapo imelegea. Iondoe. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo ukingoja rangi ya moto kama ya chuma utaliona duara linalegea na kudondoka kati ya makaa.

Maduara manne ya kwanza niliyaacha motoni dakika kadhaa zaidi ili niwe na hakika. Hayakupasuka, lakini kuta zilitoka na vipele kama ganda la chungwa. Moto mwingi unakuza chembe za ndani ya alumini, na chembe kubwa zikivutwa kila moja inageuka upande wake, unaziona kwa macho. Chombo cha namna hiyo Mama hawezi kukiuza. Sasa duara linatoka motoni dakika ileile sabuni inapokuwa nyeusi kote. Makaa na sabuni: 250.

22 Februari: marinda

Hapa niliiamini modeli kwa jambo ambalo haikuwa na uwezo wa kulijua.

Nilikuwa nimeiuliza kibanio kibane kiasi gani. Kadiri nilivyopunguza ndivyo ukuta ulivyobaki mnene, na jibu bora kabisa likawa kibanio kisichobana. Tukaondoa bolti kavu tukaweka springi nane za vali kutoka Barabara ya Kirinyaga, shilingi 800. Nilizipima kwa mizani ya bafuni chini ya presi, kila moja kilo 30 inapobanwa, kwa hiyo zote nane zinatoa kilonyutoni 2.4. Sehemu bapa ya alumini iliyo chini ya kibanio ni milimita mraba 14,400 hivi, hivyo shinikizo ni megapaskali 0.17.

Duara la kwanza lilitoka na marinda kama sketi ya shule. Niliyahesabu: 22, yamepangika kuzunguka ukingo wote. La pili hivyohivyo. La tano lilikwama kwenye ringi, likatolewa kwa nyundo na kipande cha mbao, likaacha mikwaruzo mdomoni mwa ringi iliyotuchukua mchana mzima kuiondoa kwa msasa.

Ukingo wa duara una mzunguko wa milimita 565. Unapoingia ringini lazima utoshe kwenye mzunguko wa 323. Alumini yote ile ya ziada inasukumana ubavu kwa ubavu, na isipozuiwa kwa juu inapata njia rahisi ya kupanda na kushuka. Ikizuiwa, inalazimika kunenepa na kurefuka kwenda juu, nasi ndivyo tunavyotaka.

Modeli yangu ni mkato mmoja uliozungushwa. Kinachotokea kwenye mkato huo kinatokea kila mahali kwenye mduara kwa wakati mmoja. Hakuna kulia wala kushoto, kwa hiyo rinda halina pa kuinukia. Ningeweza kuiacha ikipiga hesabu mwaka mzima isinionyeshe hata kunyanzi moja. Mkato unafaa sana kwa unene wa ukuta na pembe ya panchi. Kwa kibanio haufai, na swali la kibanio usiupelekee.

15 Machi: duara zima

Nimehamia OpenRadioss, programu iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022. Hii inahesabu kwa hatua fupi sana za wakati na haisumbuki vitu vinapogusana na kuachana, ndiyo maana mbinu ya aina hii hutumika sana kwa kazi za mabamba. Alumini niliifanya ngozi ya vipande bapa, duara zima. Nilijaribu robo ili kuokoa muda, lakini robo inayalazimisha marinda yapangike kwa namna inayokubaliana na kingo zake.

Hatua ya wakati haichaguliwi ovyo. Wimbi la sauti ndani ya alumini husafiri kama mita 5,100 kwa sekunde, na hatua lazima iwe fupi kuliko muda wa wimbi hilo kuvuka kipande kidogo kabisa cha wavu. Vipande vya milimita 1 vinanipa 0.18 ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Jeki yetu inachukua dakika mbili kushuka, zingekuwa hatua zaidi ya milioni 600. Kwa hiyo kwenye modeli panchi inashuka mita 2 kwa sekunde, inamaliza milimita 60 kwa sekunde 0.03, na hatua zinakuwa 167,000. Halafu unakagua nishati ya mwendo: ikizidi asilimia 5 ya nishati ya kukunja alumini, umekimbiza mno na matokeo hayana maana.

Mara ya kwanza hesabu iliisha kwa dakika tano. Nilifurahi, nikamwita mke wangu aone. Umbo lilikuwa la ajabu, ukingo umebaki nyuma bapa huku katikati imetobolewa. Nishati ya mwendo ilikuwa kubwa kuliko hiyo nyingine. Nilikuwa nimeandika densiti 2.7e-6, ambayo ni kilo kwa milimita ujazo. Ukitumia milimita, sekunde na megapaskali, uzito lazima uwe kwa tani, na namba ni 2.7e-9. Nilikuwa nimeipa alumini uzito mara elfu, sawa na kusukuma panchi ya kweli kwa mita 63 kwa sekunde. Hatua zinakuwa ndefu karibu mara 32, ndiyo siri ya zile dakika tano. Densiti sahihi inachukua saa mbili na nusu.

Usiku wa pili stima ilipotea hesabu ikiwa imebakiza dakika kumi, na betri ya laptopu yangu ni ya kuhesabu pumzi. Tangu hapo naiamuru programu ihifadhi hali yake kila hatua 10,000 ili niendelee ilipoachia. Ni mstari mmoja tu kwenye faili la kuendesha. Msimu wa mvua unaanza, uandike mapema.

Kwa shinikizo la springi zetu modeli ilitoa marinda 23. Presi ilitoa 22. Wavu wa milimita 5, niliotangulia nao, ulikuwa umetoa 12 mapana, kwa kuwa rinda moja halikuwa na vipande vya kutosha kujikunja. Nilipopandisha shinikizo marinda yakafifia, na karibu na megapaskali 1 yakaisha. Hiyo ni kilonyutoni 14, mara sita ya springi zetu. Springi za vali nimezirudisha kwenye debe.

Badala ya kutafuta springi kubwa tumeweka pengo lisilobadilika. Bolti zinabanwa mpaka mwisho, lakini juu ya vipande vya kutenganisha, hivyo kibanio kinakaa juu kidogo ya alumini na rinda likitaka kuinuka linagonga dari. Vipande hivyo ni masalio ya shiti ileile, 1.2, pamoja na vipande viwili vya ubavu wa kopo la soda. Maikromita inasema ubavu wa kopo ni 0.11 pamoja na rangi. Jumla 1.42.

29 Machi: mahali pa kuteleza na mahali pa kushika

Hii ndiyo siku iliyonifundisha zaidi kuhusu mwendo wa alumini.

Kijana anayejifunza kwa Mzee alipaka mafuta maduara matatu, kwa bidii, pande zote mbili, kama tulivyokuwa tukifanya tangu Januari. Mawili yakapasuka pembeni mwa panchi kwenye bar 140, la tatu likapona. Alumini laini, panchi ya 8, pengo sahihi, na bado. Nikarudi kwenye ule mkato wa CalculiX na kubadilisha kitu kimoja tu, msuguano kati ya panchi na alumini. Panchi yenye mafuta, 0.03: unene wa pembeni 0.97, chini ya mstari mwekundu. Panchi kavu, 0.25: unene 1.05.

Nilirudia mara tatu, kwa sababu mkono wa fundi yeyote unataka kupaka mafuta kila panapogusana chuma na chuma. Lakini ona kani inavyosafiri. Panchi inasukuma kitako, kitako kinavuta ukuta, ukuta unavuta ukingo utoke chini ya kibanio. Chini ya kibanio na kwenye mdomo wa ringi alumini inahitaji kuteleza, kila msuguano pale ni mzigo wa ziada kwa ukuta. Kwenye panchi inahitaji kushikwa. Panchi kavu inaibeba alumini kwa msuguano, na sehemu ya mzigo haipiti tena kwenye ule ukanda mwembamba wa pembeni. Tukifuta mafuta juu, tunakibebea kitako mzigo wake.

Nikachukua duara moja, nikalichora kwa kalamu ya wino usiofutika: vijiduara vya milimita 10 kutoka katikati hadi ukingoni. Panchi kavu, mafuta chini tu. Lilipotoka tulilileta mlangoni penye mwanga, watatu tukiinamia. Vijiduara vya kitakoni vilikuwa vilevile, unaweza kuvirudishia bikari. Kwenye pembe vimerefuka kidogo sana kwenda juu. Kadiri unavyopanda ukutani vinakuwa mayai, kisha mayai membamba, na cha juu kabisa, cha milimita 10, kilikuwa na upana chini ya 6. Mzee alikipitishia ukucha. "Kumbe kitako hakijafanya kazi yoyote," akasema. "Ukingo ndio uliosafiri." Nimekuwa nikiitazama picha hiyo kwenye kioo cha laptopu kwa miezi miwili, na ni pale mlangoni niliposikia imesemwa vizuri.

Matatu ya panchi kavu yote yalipona. Moja tulilikata kwa msumeno, unene wa pembeni 1.03.

Halafu pakiti ya maziwa. Nailoni nyembamba ni kilainishi kizuri kwa kazi hii, inavutika pamoja na alumini bila kufutika kama mafuta. Pakiti ya nusu lita ikipasuliwa ubavuni na kuoshwa inatosha duara moja, upande wa ringi tu. Presha ilishuka hadi bar 125, kilonyutoni 24.5. Modeli kwa msuguano wa 0.05 ilisema 23.4. Lakini mwishoni mwa safari geji ilipanda tena ghafla, na kingo zikatoka na alama za kubanwa. Maduara mawili, hali ileile.

12 Aprili: kopo la tatu

Alama zile zilielezeka kwa hesabu ya mstari mmoja. Ukingo unaposinyaa unanenepa. Unapofika kwenye mdomo wa ringi, modeli inasema unene wake ni karibu 1.48. Pengo letu lilikuwa 1.42, na nailoni yenyewe, 0.07, ilikuwa imekula sehemu yake. Kwa kweli tulikuwa tumebakiwa na 1.35, ukingo ukabanwa ukiwa bado na zaidi ya sentimita moja ya kusafiri.

Tulianza na makopo mawili tena kwa maduara mawili, kwa uhakika: alama zilezile. Makopo manne, maduara mawili: alama hakuna, lakini mawimbi madogo unayoyasikia kwa kidole. Makopo matatu, ambayo yanaacha 1.46: hakuna alama, hakuna mawimbi. Tukakandamiza 20 mfululizo. Yote yamepona.

Karibu na ukingo kuna ukanda unaong'aa kama uliosuguliwa. Pale alumini imenenepa kuliko nafasi kati ya panchi na ringi, ikapigwa pasi ikipita. Modeli ya duara zima haioni hilo, ngozi yake bapa haina unene wa kubanwa. Ule mkato unaona. Ukanda huo sehemu yake kubwa inaondoka na ukingo unaokatwa, kwa hiyo ringi nimeiacha ilivyo.

Kilichobaki ni masikio. Ukingo hautoki sawa, una vilele vinne, na kati ya kilele na bonde ni milimita 4. Shiti iliyopita kwenye roli haivutiki sawa pande zote, nami nimeiambia programu kwamba ni sawa. Ili niyaone kwenye modeli nahitaji vipande vya majaribio vilivyokatwa kwa nyuzi 0, 45 na 90 kutoka mwelekeo wa roli, na hiyo ni safari nyingine ya maabara. Kwa sasa tunakata milimita 5 na kuendelea.

Pesa iliyotoka mpaka leo ni 24,250, na maduara 51 kati ya 78. Jioni Mama alipita mvua ikianza kupiga mabati. Alikiweka kimoja juu ya benchi ya chuma, akakisukuma kwa kidole, hakikuyumba. Akaweka kingine juu ya cha kwanza, akaondoka na vinne vya kuonyesha wateja. Jumamosi ijayo tunayapaka sabuni 27 yaliyobaki, na kijana ndiye atakayeshika koleo.